Panya Hataulizwa Alichokula

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, aliyetuumba kwa umbo zuri na akaturuzuku vilivyo vizuri. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:



Mawaidha haya niliyatoa baada ya sala ya Isha, wiki mbili kabla ya mwezi mtukufu. Wahariri wa jarida letu wameniomba niyaandike kwa ajili ya wale ambao usiku ule walikuwa wanajisomea mitihani, au walikuwa Wandegeya wakisubiri rolex zao zigeuzwe kwenye kikaango. Siwasemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nina deni la chapati pale.

Nianze kwa kukiri kosa. Ramadhani ya mwaka juzi nilipewa dakika 15 za kuzungumza baada ya Tarawehe. Wiki ile ile darasani tulikuwa tumesoma habari za panya wa maabara waliolishwa mafuta mengi, nami, kwa furaha ya mtu aliyeokota fedha njiani, nikasimama mbele ya watu nikasema: "Ndugu zangu, sayansi imeithibitisha Ramadhani! Wamechukua panya wakawafungisha saa 16 kwa siku, na panya wale hawakunenepa wala hawakuugua, ilhali wenzao waliokula saa zote waliharibika maini." Msikiti mzima ukaitikia takbira. Usiku ule nililala usingizi mtamu.

Asubuhi yake nikaletewa kikaratasi kutoka upande wa akina dada. Kilikuwa na mstari mmoja, bila jina: "Kaka, panya hao walikuwa wanakula mchana au usiku?"

Nikarudi kuisoma ile makala ya utafiti, safari hii yote, si muhtasari wake. Nilichokikuta nitakieleza mbele kidogo, maana hakitaeleweka kabla hatujawajua panya wenyewe. Ila tangu siku hiyo naliogopa neno "sayansi imethibitisha" linapotoka kinywani mwa mtu aliyeshika kipaza sauti, na naliogopa zaidi kinywa kikiwa changu.

Panya tunaowazungumzia si hawa wanaotoboa mifuko ya unga hosteli. Ni ukoo mmoja wa panya weusi uitwao C57BL/6, ulioanzishwa mwaka 1921 na Mmarekani Clarence Cook Little, yule yule ambaye mwaka 1929 alianzisha Maabara ya Jackson katika mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine. Kaka na dada wamezalishwa kizazi baada ya kizazi mpaka panya wote wa ukoo huo wakawa kama mapacha. Faida yake ni hii: ukiwagawa makundi mawili, hawa ukawapa chakula hiki na wale kile, tofauti utakayoiona imetoka kwenye sahani, haikutoka kwenye ukoo.

Na sahani zenyewe ni hizi. Kundi la kwanza hupewa vidonge vya chakula ambavyo takribani asilimia 10 ya nguvu yake inatokana na mafuta. Kundi la pili hupewa vidonge ambavyo nguvu yake inatokana na mafuta kwa asilimia 60 hivi. Kisha mtafiti anakaa kusubiri. Mwaka 1988 Richard Surwit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba panya weusi hawa, wakilishwa mafuta mengi pamoja na sukari, hunenepa na kupata hali inayofanana na kisukari cha aina ya pili tunachokiona kwa binadamu. Panya wa ukoo mwingine, uitwao A/J, walikula chakula kile kile na hawakudhurika kiasi hicho. Likumbuke hilo, kwa sababu hata hapa chuoni yupo ndugu yetu anayekula sahani tatu za pilau na suruali yake ya mwaka wa kwanza bado inamtosha. Miili haikuumbwa sawa, na mtu asijipime kwa tumbo la jirani.

Ukichukua tone la damu ya panya wa mafuta baada ya wiki kadhaa, unakuta nini? Unakuta kolesteroli imepanda. Unakuta sukari imepanda, na pamoja nayo imepanda insulini, homoni ambayo kazi yake ni kuishusha sukari. Mtu atauliza, kama insulini ni nyingi, kwa nini sukari nayo ni nyingi? Insulini ni mpiga hodi. Inakwenda kwenye seli za misuli na ini, inapiga hodi, mlango unafunguliwa, sukari inaingia. Mafuta yakishalundikana humo ndani, seli inakuwa kama mwenye nyumba aliyechoka na wageni: anasikia hodi na haitikii. Kongosho nalo, kwa kuona sukari bado imesimama barazani, linatuma wapiga hodi wengine, na wengine tena. Kwa miaka mingi linaweza kustahimili hivyo na mtu asijue lolote, mpaka siku linapochoka.

Ndani ya damu ile ile unakuta pia leptini kwa wingi. Homoni hii iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoipata jeni iliyokuwa imeharibika kwa panya fulani wanene mno. Leptini hutengenezwa na mafuta yenyewe ya mwili ili kuuambia ubongo: akiba ipo, inatosha, inua mkono wako kwenye chakula. Subhanallah, mafuta yameumbwa na ulimi wa kujisemea kwamba yametosha! Lakini kwa panya aliyenenepeshwa, leptini inajaa damuni na ubongo hausikii. Ni sawa na muadhini anayeadhini mpaka sauti inamkauka na mtaa mzima umelala. Adhana ipo. Kilichokufa ni masikio.

Sasa jeni. Hapa wengi wetu tunachanganya, na niliwahi kumsikia mtu akisema mimbarini kwamba chakula kibaya "hubadilisha jeni za mtu". Si sahihi kusema hivyo bila maelezo. Jeni ni maandishi yaliyomo katika kila seli, na mafuta ya chipsi hayafuti herufi za maandishi hayo. Kinachobadilika ni kurasa zipi zinafunguliwa na mara ngapi. Seli ya ini na seli ya jicho zina kitabu kimoja, ila kila moja inasoma kurasa zake. Kwa panya wa mafuta, ini linaanza kusoma kwa bidii zile kurasa za kutengeneza na kuhifadhi mafuta, mpaka ukilikata ini lenyewe unaliona limepauka, limejaa matone. Katika mafuta ya tumbo, kurasa za uvimbe zinafunguliwa. Seli za kinga zinahamia humo na kufanya fujo kana kwamba kuna kidonda, na kidonda hakipo.

Na kuna kurasa za saa. Allah ameweka ndani ya seli jeni zinazopanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu saa 24, ndizo zinazoliambia ini sasa ni wakati wa kupokea chakula na sasa ni wakati wa kufagia. Mwaka 2007 kundi la Joseph Bass wa Chuo Kikuu cha Northwestern lilionyesha kwamba panya wakilishwa mafuta mengi, mzunguko wa jeni hizo unadhoofika, na panya wenyewe wanaanza kula saa ambazo walipaswa kuwa wamelala. Chakula kibaya kiliwaharibia hata wakati wa kula. Mtu yeyote aliyewahi kuamka saa nane za usiku kutafuta mabaki ya sambusa anajua ninachokisema.

Hapa ndipo usiku ule wa Isha ndugu mmoja aliponyoosha mkono. Yeye anasomea lishe, akajua cha kuuliza: "Sheikh, mafuta wanayowapa panya hao ni ya mnyama gani?" Nikamjibu ukweli: katika chakula kinachotumika sana maabara, sehemu kubwa ni mafuta ya nguruwe. Msikiti ukacheka kwa raha, na nikaona nyuso zikifunguka. Kumbe! Basi mambo haya ni ya wenyewe, sisi tumesalimika.

Hatukusalimika. Kipo chakula kingine maarufu cha maabara ambacho mafuta yake ni ya nazi yaliyogandishwa kiwandani, na panya weusi wale wale wananenepa na kuugua kwacho. Ini halina pua ya kunusa kama mafuta yamechinjwa kwa Bismillahi. Nguruwe ni haramu kwa sababu Allah ameharimisha, na hiyo inatosha. Tungeacha kumla hata kama nyama yake ingekuwa dawa. Lakini tumejenga mazoea ya ajabu sisi vijana wa Kiislamu: tunauliza swali moja tu mbele ya sahani, je, ni halali? Tukijibiwa ndiyo, tunavua saa na kukunja mikono ya kanzu. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, Mola wetu anawaita watu wote wale vilivyomo ardhini, na ameweka sifa mbili pamoja: kiwe halali na kiwe kizuri. Sifa ya pili tumeisahau jikoni. Na katika Al-A'raaf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa imeambatana papo hapo na katazo la kupita kiasi. Aya ile inawakataza kupita kiasi watu wanaokula halali; mla haramu ameshavunja katazo jingine kabla hajafika hapo.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliwahi kulalamika katika Ihyaa kuhusu watu wa zama zake wanaoweka akiba ya vyakula kwa ajili ya Ramadhani na kula katika mwezi mmoja wasivyokula kwa miezi. Anauliza saumu hiyo itamfaa nini mtu. Zaidi ya miaka 900 imepita, na bado akija kwenye futari yetu ataona yanayomhusu.

Sasa nirudi kwenye kikaratasi cha dada yetu.

Utafiti nilioutangaza kwa takbira ni wa mwaka 2012, wa maabara ya Satchidananda Panda katika Taasisi ya Salk, California. Panya wote walipewa chakula kile kile cha mafuta mengi. Kundi moja liliachiwa chakula usiku na mchana. Jingine lilipewa chakula hicho kwa saa 8 tu. Kwa jumla walikula kiasi sawa. Baada ya siku zipatazo 100, waliowekewa mpaka wa saa 8 walikuwa na uzito pungufu kwa asilimia 28, maini yao yalikuwa safi zaidi, insulini yao ilikuwa imetulia, na jeni zao za saa zilikuwa zimerudi kupanda na kushuka sawasawa. Yote hayo ni kweli, na niliyasema.

Ambalo sikulisema, kwa kuwa sikulisoma, ni kwamba saa 8 hizo zilikuwa za usiku. Panya ni mnyama wa usiku. Usiku ndiyo mchana wake: ndipo anapokimbia, anapotafuta, anapokula. Kwa hiyo panya wale walikula wakati wa shughuli zao na wakafunga mdomo wakati wa usingizi wao. Sisi Ramadhani tunafanya nini? Tunafunga wakati wa shughuli na kula wakati wa usingizi. Katika Sura ya An-Nabaa tumeambiwa usiku umefanywa vazi na mchana umefanywa wa kutafuta maisha. Kwa panya mambo ni kinyume. Utafiti ule, ukiupima kwa haki, hauungi mkono mwezi mzima wa kula kuanzia Magharibi mpaka Alfajiri, na haupingi pia, kwa sababu haukuuliza swali hilo. Niliutia maneno mdomoni.

Na panya si mtu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya watu 139 wenye unene uliozidi huko Guangzhou, China, waliofuatiliwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa chakula. Nusu yao waliambiwa pia wale ndani ya saa 8 tu. Wote wakapungua uzito, na tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya maana. Kama ningeijenga imani ya jamaa juu ya panya wa California, watu wa Guangzhou wangeibomoa, na kijana mmoja mwenye shaka angeondoka msikitini akidhani kilichobomoka ni Uislamu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Tunafunga kwa sababu tumeandikiwa kama walivyoandikiwa waliotutangulia, ili tupate uchamungu. Hiyo ndiyo sababu iliyotajwa, na sioni haja ya kuiwekea nguzo za maabara chini yake.

Basi nini faida ya panya hawa kwetu? Mimi naiona hapa: tusiwafanye mashahidi wa kuitetea dini yetu, tuwafanye mashahidi dhidi ya sahani zetu. Kwa kazi hiyo ushahidi wao ni mzito.

Sikilizeni hili, hasa nyinyi ambao hamjaoa wala kuolewa, yaani karibu nyote. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliwalisha madume ya panya wakubwa chakula cha mafuta mengi, kisha wakawapandisha kwa majike waliokula chakula cha kawaida. Mabinti waliozaliwa walilishwa chakula cha kawaida vilevile. Pamoja na hayo, walipokua, kongosho zao hazikuweza kutoa insulini ipasavyo. Baba alikula, binti akaugua, na binti yule hakuwahi kuonja mafuta yale. Mwaka 2016 watafiti wa Munich, Ujerumani, walichukua mayai na mbegu za panya wa mafuta, wakatungisha mimba nje ya mwili, wakapandikiza kwa mama wengine wenye afya ili kusiwe na kisingizio cha maziwa wala tumbo la mama. Watoto bado walielekea kunenepa zaidi. Herufi za jeni hazikuguswa. Zilizoachwa ni alama zinazosema kurasa zipi zifunguliwe.

Najua mtu atasema: vipi, na Qur'an inasema katika Sura ya Faatir, aya ya 18, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine? Ni kweli, na hakuna mgongano. Mzigo unaotajwa ni dhambi. Binti wa panya hakurithi dhambi, amerithi matokeo, na dunia imejaa watu wanaoishi na matokeo ya mikono ya wengine. Mtoto wa mlevi hahesabiwi pombe ya baba yake, lakini analala njaa. Dhambi, kama ipo, inabaki kwa aliyekula akijua. Katika An-Nisaa, aya ya 9, Allah anawatahadharisha wale ambao wangekuwa na hofu lau wangeacha nyuma yao watoto dhaifu. Wafasiri wanaieleza aya hiyo katika mas-ala ya mayatima na mali, nami siihamishi kutoka hapo. Naazima tu ile hofu. Ni hofu ya mzazi, na nimeanza kuihisi kabla sijawa mzazi.

Tunao pia upande wa panya wenyewe, ambao hatuupi nafasi. Mtume (s.a.w.) amemtaja panya miongoni mwa wale watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Lakini ni Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliyetueleza kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Panya wa maabara amefungiwa, na chakula chake amechaguliwa na mtu mwingine ili augue. Mwisho wake ni kuuawa, ini litolewe. Sisemi ni haramu. Wanazuoni wamezungumzia mas-ala hayo, na dawa tunazokunywa zimepitia huko. Nasema mnyama amelipa kwa uhai wake ili tujue jambo moja kuhusu sahani. Mwanafunzi anayeijua habari hiyo kwa ajili ya mtihani tu, akapata alama 80 kisha akaenda kumaliza chipsi sahani mbili, amemdhulumu mara ya pili.

Maana panya hakuwa na la kufanya. Aliamka akakuta vidonge vimewekwa, akala. Hana taklifu, hataulizwa alichokula. Sisi ndio tutakaoulizwa. Mnaikumbuka siku ile Mtume (s.a.w.) alipotoka nyumbani kwa njaa, akakutana na Abu Bakr na Umar (r.a.) nao wametolewa na njaa, wakaenda kwa Mwanswari mmoja akawakaribisha tende, maji baridi na nyama ya mbuzi? Waliposhiba, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kwamba wataulizwa kuhusu neema ile Siku ya Kiyama. Tende na nyama ya mlo mmoja, kwa watu waliotoka na njaa! Ndiyo maana ya aya ya mwisho ya At-Takaathur. Nikiyaweka maneno hayo mbele ya ndoo zetu za kachori na bajia, nashindwa kuendelea kuzungumza.

Alitueleza pia, katika hadithi ya Al-Miqdam aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mwanadamu hajajaza chombo kibaya kuliko tumbo, na kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yanamtosha; akishindwa, basi theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Wengi tunaishika ile theluthi kana kwamba ndiyo sunna yenyewe. Someni tena: theluthi ni ruhusa ya aliyeshindwa na matonge.

Wasikate tamaa waliokwishanenepa au waliokwishaambiwa na daktari habari ya sukari. Maabara ile ya Duke ilikuja kuonyesha kwamba panya walionenepeshwa kwa mafuta, wakirudishiwa chakula cha kawaida, unene na kisukari hurudi nyuma. Na mwaka 2014 watu wa Salk walionyesha kwamba hata panya walioachiwa kula ovyo siku mbili kwa wiki walinufaika na mpaka wa siku tano zilizobaki. Mwili umeumbwa na mlango wa kurudi. Mwenye dawa za sukari asifunge wala asile kwa mawaidha yangu. Amwone daktari wake kwanza, na kama daktari ni Muislamu mwenye kuijua saumu, ni bora zaidi.

Mwisho, jambo la jikoni. Kamati ya futari imekaa, nami nilikuwemo. Mwaka huu tutafungua kwa tende na maji, kama alivyopokea Anas (r.a.) kuhusu ada ya Mtume (s.a.w.), kisha tutasali Magharibi, na chakula kitapakuliwa baada ya sala. Nusu saa hiyo inaupa ubongo nafasi ya kusikia tumbo linasema nini. Vya kukaangwa vitakuwa aina moja kwa siku, badala ya nne. Zimepangwa siku za uji, maharage, matoke na matunda. Fedha itakayobaki itawalipia futari wenzetu wanaokaa mbali na chuo, ambao mwaka jana walifungua kwa maji ya bomba na kusubiri teksi. Kuna ndugu wameshanilalamikia kuhusu sambusa. Nimewasikia, na siku ya sambusa ipo, ni Ijumaa.

Na dada uliyeandika kile kikaratasi, popote ulipo: walikula usiku. Nilipaswa kulisema mbele ya watu wale wale waliopiga takbira, na imenichukua Ramadhani mbili. Jazaakillahu khayran.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utupe shukrani ya tunachokila na ujasiri wa kukiacha, na uwape afya watakaotoka katika migongo yetu. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.